Kupandikiza injini kwenye fowili ya zamani: anza kwenye tairi, si kwenye boneti

Kila gari kuukuu la fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, linapotajwa, iwe kijiweni au mtandaoni, swali la kwanza huwa lile lile: "Injini gani inaingia humu?" Mtu ana Land Rover Series III inayopanda mlima kwa kugugumia, au Suzuki Samurai inayoachwa na malori barabara kuu, naye ameangalia video ya dakika tatu. Injini ya zamani inanyanyuliwa kwa mnyororo, nyingine inashushwa, ufunguo unazungushwa, moshi kidogo, makofi. Anaondoka akiamini kazi yote ndiyo hiyo. Anauliza jina la injini kama anayeuliza namba ya kiatu.

Swali hilo limeanzia mahali pasipo pake. Ukiwa na msumeno wa chuma na mashine ya kuchomelea, karibu injini yoyote itaingia. Linalohitaji jibu ni hili: ikishaingia, giaboksi itafanywa nini? Difu je (gia zilizo katikati ya ekseli, zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu), ekseli, breki, rejeta? Nimeona magari mazuri yakiishia chini ya turubai huku injini mpya ikiwa nzima kabisa ndani yake, kwa sababu mwenyewe alianzia kwenye boneti na fedha zikamwishia kabla hajafika kwenye magurudumu. Hapa nitaanzia upande wa pili. Tushike tairi kwanza, kisha turudi mbele hatua kwa hatua mpaka kwenye injini.

Tutenganishe kwanza maneno mawili yanayochanganywa. Kubadilisha injini ni kutoa iliyochoka na kuweka nyingine ya aina ile ile. Boliti zinarudi kwenye matundu yake, waya zinarudi kwenye soketi zake, na fundi mzuri huimaliza kazi kwa siku chache. Kupandikiza ni kuweka injini ambayo gari hilo halikuundwa nayo. Neno lenyewe hutumika hospitalini na linafaa hapa, maana daktari anayepandikiza figo hasumbuliwi sana na figo yenyewe. Kinachomkesha ni kama mishipa itaungana na kama mwili utaipokea.

Maneno mengine mawili ni msokoto na nguvu farasi. Fikiria baiskeli. Ukisimama juu ya pedali kuanza kupanda kilima, ule uzito unaouweka kwenye pedali, ukizidishwa na urefu wa mkono wa pedali, ndio msokoto unaoanza kuzungusha gurudumu, na hupimwa kwa nyutonimita. Nguvu farasi ni msokoto huo ukizidishwa na kasi unayokanyagia. Mtu mzito anayekanyaga polepole na mtu mwepesi anayekanyaga harakaharaka wanaweza kutoa nguvu farasi sawa, lakini hawapandi kilima kwa namna moja. Dizeli ya zamani ni yule mzito: msokoto wake mkubwa unapatikana injini ikizunguka mara 1,800 hivi kwa dakika, na ikifika 4,000 imechoka. Injini nyingi za petroli za magari madogo ni yule mwepesi. Usipoipandisha mizunguko, haikupi kitu.

Hapa ndipo watu hudanganyika na karatasi. Wanaona injini ya gari dogo la mjini yenye nguvu farasi 150 wanasema hiyo ndiyo. Lakini nguvu hizo ziko juu kwenye mizunguko 6,000, na kwenye mawe na tope hakuna anayeendesha kwa mizunguko 6,000.

Turudi kwenye tairi. Chukua Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yenye injini yake ya petroli ya lita 2.25. Msokoto wake ni takriban nyutonimita 160, kiasi kidogo kwa viwango vya leo. Ila ukiweka gia ya kwanza na ile gia ndogo ya transfa (boksi la pili, nyuma ya giaboksi, linalogawa nguvu mbele na nyuma), kila kituo kati ya injini na gurudumu kinaongeza: giaboksi inazidisha kwa 3.68, transfa kwa 2.35, difu kwa 4.7. Zidisha zote tatu upate takriban 40.7. Kwa hiyo zile nyutonimita 160 zikifika kwenye ekseli zimekuwa zaidi ya 6,500, ukiacha kinacholiwa na msuguano njiani. Tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 40 hugeuza hiyo kuwa msukumo unaolingana na uzito wa kilo 1,600 na ushei. Gari lenyewe likiwa tupu halifiki uzito huo.

Maana yake ni kwamba injini ile ile inayodharauliwa, ikiwa nzima, tayari ina uwezo wa kuzungusha matairi bure kabla haijashindwa kupanda. Kinachokwama kwenye tope ni tairi lisilo na mshiko. Ukiweka 200Tdi, dizeli ya Land Rover hao hao, yenye nyutonimita 255 hivi, kwenye gia ndogo utapata zaidi ya nyutonimita 10,000 kwenye ekseli, na ardhi haiwezi kupokea hata nusu ya hizo. Ziada inatafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea kwenye shafti ya ekseli ya nyuma. Shafti hizo kwenye Series zinajulikana kwa kukatika hata chini ya injini ya asili.

Kwa hiyo anayesema anataka injini mpya ili gari lipande vizuri porini, mara nyingi anahitaji matairi, loki ya difu (inayofunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja) na mguu mtulivu. Sababu za kweli za kupandikiza ni nyingine, tena ni za haki kabisa: kwenda mwendo wa kuridhisha barabarani, kupanda mlima mrefu ukiwa na mzigo bila kushuka mpaka gia ya pili, kupunguza mafuta, au kuachana na injini ambayo vipuri vyake vimekuwa vya kutafuta kwa tochi. Taja sababu yako kwanza, maana kila moja inakupeleka kwenye injini tofauti.

Sasa difu. Series zilitoka kiwandani na uwiano wa 4.7, yaani shafti ya propela inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Range Rover, Discovery na Defender zilipewa 3.54. Kwa tairi la 7.50-16, ambalo kila mzunguko mmoja linasogea mita 2.5 hivi, injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 na gia ya juu kabisa ya Series, gari lenye difu ya 4.7 linakwenda kilomita 83 hivi kwa saa. Lenye difu ya 3.54, kwa mizunguko ile ile, linakwenda 110.

Hapo utaona kwa nini mtu anaweza kuweka dizeli yenye nguvu zaidi akashangaa gari halijaongeza mwendo. Injini ya petroli aliyoitoa ilikubali kupigwa mizunguko, dizeli aliyoiweka haikubali, na difu ni ile ile. Ni baiskeli yenye gia moja ndogo: hata umpandishe bingwa, miguu yake itazunguka kama feni na mwendo hautabadilika. Asiyebadilisha difu au kuongeza gia ya ziada ya barabarani amenunua nguvu ambayo hataisikia.

Akishabadilisha difu, kuna jambo dogo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Spidomita ya magari haya huchukua habari zake kwenye transfa, kabla ya difu. Ukitoa 4.7 ukaweka 3.54, mshale utasoma 60 wakati gari linakwenda karibu 80. Dereva anaingia kwenye kona akiamini anatembea polepole.

Kutoka kwenye difu tunafika kwenye giaboksi, na kwenye ile ndoa ngumu kati yake na injini. Nyuma ya injini kuna flaiwili na klachi, na giaboksi ina kava lenye mdomo mpana linalozifunika, ambalo mafundi wengi huliita kengele. Injini za familia moja mara nyingi zina matundu ya boliti yanayooana na kengele ya ndugu zao wakubwa. Hii ndiyo sababu 200Tdi ikapendwa sana kwenye Series: ilitoka mwaka 1989, lakini bado inafungika kwenye giaboksi ya Series iliyoundwa miaka mingi kabla yake. Ndivyo ilivyo pia kwa Samurai za lita 1.3, ambazo wengi huzipa injini ya G16 ya lita 1.6 kutoka Suzuki hao hao. Mimi huziita injini ndugu, na ushauri wangu ni uzimalize kwanza hizo kabla hujatazama nje ya ukoo.

Hata ndugu wana tofauti zao. 200Tdi iliyotoka kwenye Defender ina turbo, ile pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, iliyokaa juu ubavuni. Iliyotoka kwenye Discovery turbo yake imekaa chini, mahali inapogombana na chesisi. Jina moja, na kazi ya ziada ya siku kadhaa.

Injini ikitoka kwenye ukoo mwingine kabisa, panahitajika bamba la kuunganishia: kipande kinene cha alumini au chuma chenye matundu ya injini upande mmoja na ya giaboksi upande wa pili. Wengi wanaliona bamba hili kama suala la matundu kulingana. Matundu ni sehemu nyepesi. Chukua giaboksi iliyotolewa uangalie ncha ya shafti yake ya mbele. Pale mwisho pana kijiti laini, kinene kiasi cha kidole, ambacho kinaingia kwenye kibushi kilichopachikwa katikati ya mwisho wa krankshafti, shafti kuu ya injini. Kibushi hicho ni kidogo kiasi kwamba ukikiangusha kwenye mchanga utakitafuta. Kazi yake ni kushikilia shafti mbili zikae kwenye mstari mmoja, na kosa linalovumilika hapo ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi. Bamba lililochongwa kwa macho linazidisha hapo. Injini itawaka, gari litaondoka, na baada ya miezi michache klachi itaanza kutetemeka na beringi ya mbele ya giaboksi kulia. Fundi atalaumu klachi, atabadilisha, na nyingine itakufa vilevile.

Upimaji wake si siri. Kifaa cha kupimia chenye mshale hufungwa kwenye flaiwili, krankshafti inazungushwa kwa mkono, na mshale unasoma kama mdomo wa kengele uko katikati au umekwenda kando. Ni kazi ya nusu saa. Fundi akikwambia haina haja, mtafute mwingine.

Tuje kwenye nafasi, ambako ndiko macho ya watu huishia siku zote. Urefu na upana chini ya boneti hupimika kwa futi. Kisichoonekana kwa futi ni kwamba fowili yenye ekseli ngumu ina sakafu inayopanda. Gari likiwa limesimama, kati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na difu ya mbele unaweza kupitisha mkono. Likiingia shimoni kwa kasi, springi inakunjwa, ekseli yote inapanda, na difu inaigonga sampu kama nyundo. Ndiyo maana sampu nyingi za fowili zimekatwa kwa umbo la ngazi, sehemu ya kina ikiwa nyuma au mbele ya ekseli. Injini ya gari dogo ina sampu iliyobuniwa bila kufikiria ekseli yoyote chini yake.

Kwa hiyo pima ekseli ikiwa imepandishwa hadi mwisho wake, springi zikiwa zimetolewa au kubanwa, na usukani ukizungushwa pande zote mbili. Kwa upande wa juu kuna njia ninayoipenda kwa urahisi wake: weka mabonge ya udongo laini wa kuchezea watoto juu ya sehemu za injini zilizoinuka, funga boneti taratibu, fungua. Unene wa udongo uliobaki ndio nafasi uliyonayo. Ukibaki mwembamba kama ganda la yai, injini ikitikisika kwenye mipira yake itagonga.

Sampu ina jambo lingine. Pampu ya oili hunyonya oili kupitia mdomo ulioko chini ya sampu. Gari likipanda mwinuko mkali kwa dakika kadhaa, oili yote inakimbilia nyuma, na kama mdomo uko mbele unanyonya hewa. Mara hiyo moja inatosha kuumiza beringi za krankshafti. Taa ya oili ikiwaka ukiwa mlimani na kuzimika ukifika tambarare, usiipuuze wala usiseme ni waya.

Uzito nao una uongo wake. Watu huhesabu silinda: nne ni nyepesi, nane ni nzito. Injini ya V8 ya Rover ya lita 3.5, iliyotumika kwenye Range Rover tangu 1970, imetengenezwa kwa alumini na haifiki kilo 200. Cummins 4BT ya lita 3.9 ina silinda nne tu, ni dizeli ya chuma iliyozaliwa kwa ajili ya kazi nzito, nayo inapita kilo 300. Anayeiweka hiyo kwenye gari jepesi pua yake itashuka, ekseli itasogelea sampu, usukani utakuwa mzito na springi za mbele zitabadilishwa atake asitake. Uliza kilo, usihesabu silinda.

Joto ndilo linaloua injini nyingi zilizopandikizwa, na huua polepole. Kwa makadirio ya jumla, katika mafuta unayochoma ni theluthi tu, au pungufu, inayogeuka kuwa mwendo. Kingine chote ni moto: sehemu inatoka na eksozi, sehemu inachukuliwa na maji ya rejeta. Ukiongeza nguvu maradufu kwenye magurudumu, umeongeza pia moto wa kutupwa nje kwa kiasi hicho hicho. Na fowili ina ubaya wake: inafanya kazi ngumu kabisa ikiwa kwenye mwendo mdogo kabisa, mahali ambapo hakuna upepo wa kusaidia, ni feni peke yake.

Feni bila kava lake inazungusha hewa ile ile ya moto pale pale. Kava hilo la plastiki au bati linalozunguka panga za feni hutupwa mara nyingi kwenye upandikizaji kwa sababu halikai sawa na injini mpya. Nimesimama kando ya gari lililokuwa linachemka kila likipanda, mwenyewe akiwa amebadilisha rejeta mara mbili, na tatizo likaisha kwa bati lililokatwa na kukunjwa kwa mkono kuwa kava. Jaribio la kweli la upozaji ni mlima mrefu, mchana, gari likiwa na mzigo. Kuzunguka mtaa mara mbili hakuthibitishi lolote.

Kwenye joto hapo hapo ndipo inapoingia imani ya kubandika turbo. Wengi wanasema: kwa nini nihangaike kupandikiza wakati naweza kuipa injini yangu turbo? Linganisha injini mbili za Toyota, 1HZ na 1HD-T. Zote ni dizeli za silinda sita, zote lita 4.2, zote zilitoka kiwandani kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 80. Kwa nje, asiyezizoea atazichanganya. Lakini 1HZ haina turbo, huchoma mafuta kwanza ndani ya vyumba vidogo kwenye silinda hedi, na inabana hewa takriban mara 22. 1HD-T ilibuniwa na turbo tangu mwanzo, inamwaga mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, na inabana mara 18 na kitu. Waliobuni walipunguza mbano huo makusudi, kwa sababu turbo inaongeza wake. Ukiibandikia 1HZ turbo kwa pupa, joto linajikusanya kwenye hedi ambayo haikuandaliwa kulibeba, na nyufa hufuata. Inawezekana kufanywa kwa adabu: shinikizo dogo, kipimo cha joto la eksozi mbele ya macho ya dereva, na mafuta yasiyozidishwa. Asiye tayari kukiangalia kipimo hicho kila anapopanda mlima aachane nalo.

Umeme nitaupitia kwa kifupi, si kwa sababu ni mdogo bali kwa sababu uamuzi wake ni mmoja: injini yenye kompyuta au isiyo na kompyuta. Dizeli zenye pampu ya kimakanika, kama 200Tdi, 1HZ au TD42 ya Nissan Patrol, zinahitaji stata, alteneta, plagi za kupashia moto na waya mmoja wa kufungulia mafuta kwenye pampu. Injini ya kisasa inataka kompyuta yake, funguo zake, pedali yake ya umeme, na mara nyingi inataka kusikia habari kutoka kwenye giaboksi na breki ambazo gari lako halina. Isiposikia, inajifungia kwenye mwendo wa kujikongoja au haiwaki kabisa. Ukiitaka hiyo, nunua gari zima lililogongwa au nusu yake ya mbele, ili kila soketi, kila kitambuzi na kila kipande cha waya kije pamoja. Kununua injini tupu na kutafuta vingine kimoja kimoja ndiko kunakomaliza watu.

Niseme sasa juu ya breki, na hapa naomba msomaji asiruke.

Gari linapokwenda, lina nishati ambayo breki lazima ziigeuze kuwa joto ili lisimame. Nishati hiyo haiongezeki sambamba na mwendo, huongezeka kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Tulisema difu mpya inatupeleka kutoka kilomita 83 hadi 110 kwa saa kwa mizunguko ile ile ya injini. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, kazi ya breki imeongezeka kwa robo tatu. Series ina breki za ngoma pande zote nne, zilizobuniwa kwa gari la mwendo wa shamba. Ngoma zikishapata moto zinapanuka, viatu vinapoteza mshiko, na kanyagio linashuka chini bila gari kupungua. Uliyemtengenezea gari la hivyo ni mtoto wako aliyekaa kiti cha nyuma.

Kuna na mtego mwingine ambao hata mafundi wazoefu huangukia, wa kutoka petroli kwenda dizeli. Gari lenye breki laini lina kile kibuyu cha chuma nyuma ya pampu ya breki, sevo, kinachousaidia mguu. Sevo hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Injini ya petroli inautengeneza mvuto huo bila kujua, kwa sababu mlango wake wa hewa hubanwa kila unapoachia kanyagio la mafuta, na silinda zinanyonya mahali palipofungwa. Dizeli nyingi hazina mlango huo. Zinavuta hewa wazi wakati wote, kwa hiyo hakuna mvuto. Ukiunganisha mpira wa sevo kwenye dizeli bila pampu ya mvuto, mara ya kwanza kanyagio linaweza kwenda vizuri kwa masalio yaliyobaki kwenye kibuyu, mara ya pili linakuwa gumu kama kukanyaga jiwe. Injini za dizeli huja na pampu hiyo, ama ubavuni ama nyuma ya alteneta. Hakikisha imekuja na injini yako na kwamba inavuta, kabla gari halijatoka gereji hata kwa mita kumi.

Utaratibu ninaouamini, kwa hiyo, ni wa kuchosha kidogo: breki kwanza, kisha ekseli na difu, kisha upozaji, injini mwisho. Gari lenye breki bora na injini dhaifu linakera tu.

Kuhusu makaratasi sina maelezo mengi. Katika nchi nyingi namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta vimeandikwa kwenye kadi ya gari, na bima inasimama juu ya maandishi hayo. Uliza mamlaka inayohusika kabla ya kununua injini, na upate hati ya mahali injini ilipotoka. Injini isiyo na hati inaweza kuwa ya wizi, na bima inaweza kukataa kulipa ajali ya gari ambalo kwenye karatasi ni la petroli na barabarani ni la dizeli.

Kabla ya yote hayo, fanya kipimo kimoja: pima mbano wa kila silinda ya injini uliyonayo. Injini nyingi zinazoitwa dhaifu ni wagonjwa. Pete za pistoni zimeisha, vali hazifungi, kabureta imejaa uchafu, na mwenyewe hajawahi kuiendesha ikiwa nzima hata siku moja, kwa hiyo hajui kiwanda kilimpa nini. Kuifumua na kuijenga upya injini ya asili kunarudisha nguvu zake bila kugusa chesisi wala waya, na kwa watu wengi ninaowasikia wakilalamika, hilo lingetosha. Kama umepima, umejenga, umeendesha, na bado mlima ule unakushinda na mzigo wako, basi pandikiza kwa moyo mweupe.

Na injini ikishawaka usiihesabu kazi kuwa imekwisha. Kilomita 1,000 za kwanza ni za kukagua: boliti za mikono ya injini zinalegea, mipira ya maji inasagwa na chuma ulichodhani kiko mbali, waya unakaribia eksozi. Kila jioni fungua boneti ukiwa na taa na ushike kwa mkono.

Tafuta pia daftari gumu, likae ndani ya gari. Andika mkanda wa feni ni wa gari gani na namba yake, chujio la oili la injini ipi, sahani ya klachi ya giaboksi ipi, mpira wa chini wa rejeta umekatwa kutoka wapi, kibushi cha krankshafti kilichongwa kwa kipimo gani. Gari lako sasa ni la magari matatu, na duka la vipuri halitalitambua kwa jina lililoko kwenye kadi. Siku mkanda utakapokatika mbali na nyumbani, au siku utakapomkabidhi mtu mwingine funguo, daftari hilo ndilo litakaloliwezesha gari kutembea tena.